Mnara wa Siloamu na Bwawa la Solai: Usimuulize Aliyefikwa Alikosea Wapi

Uwe unafungua duka, uwe umekaa kando ya mgonjwa wodini, uwe ndani ya matatu unaelekea Naivasha au Eldama Ravine, chukua dakika kumi usome ujumbe huu hadi mwisho. Ni juu ya jambo linalowaumiza watu wa Mungu, na linawaumiza zaidi wale ambao tayari wana jeraha.

Somo letu liko Luka 13, mstari wa kwanza hadi wa tano. Kama Biblia yako iko karibu, ifungue.

Kuna majaribu ambayo mtu huyaona yakija. Mvua ikichelewa, mkulima wa Rongai anajua mapema kwamba mwaka huu gunia zitakuwa chache. Lakini kuna jaribu lisilopiga hodi. Unaamka asubuhi ukiwa mke wa mtu, jioni wewe ni mjane. Unaenda hospitali kwa kikohozi, unarudi na jina la ugonjwa ambao hujawahi kuusikia. Unalala ndani ya nyumba yako, unaamka huna nyumba.

Jaribu la namna hiyo likiingia kwa mtu, sisi watu wa kanisa tuna swali ambalo hutuponyoka upesi sana. Wakati mwingine tunalinong'ona tukirudi kutoka matangani. Wakati mwingine, Mungu atusaidie, tunalisema mimbarani. Swali lenyewe ni hili: "Alikosea wapi?" Je, aliacha kutoa fungu la kumi? Je, alifungua mlango kwa adui? Je, kuna laana ya ukoo? Je, imani yake ilikuwa ndogo?

Nataka kukuambia leo, kwa ujasiri na kwa upendo, kwamba Bwana Yesu alishaulizwa swali hilo, na alilikataa.

Mambo tuliyoyaona kwa macho yetu

Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Chukua Solai. Jumatano usiku, Mei 9, 2018, baada ya mvua kubwa za msimu ule, ukuta wa bwawa la Patel ulipasuka. Bwawa lilikuwa juu kilimani, ndani ya shamba kubwa. Chini yake kulikuwa na nyumba za watu, wengi wao vibarua na wakulima wadogo. Maji na matope yaliteremka gizani, saa ambayo jamii nyingi huwa zimemaliza kula au zinajiandaa kulala. Watu 48 walikufa, wengi wakiwa akina mama na watoto.

Chukua Mai Mahiu. Alfajiri ya Jumatatu, Aprili 29, 2024, maji ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, mahali ambapo njia ya maji ilikuwa imezibwa na matope na takataka, yalipasua na kushuka kwa nguvu. Kijiji cha Kamuchiri kilifagiliwa. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha, na wengine walitafutwa ndani ya matope kwa siku nyingi.

Chukua makutano ya Londiani. Ijumaa jioni, Juni 30, 2023, trela iliacha njia ikavamia matatu, pikipiki na wachuuzi waliokuwa kando ya lami wakitafuta riziki. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Sasa nikuulize, mpendwa. Yule mama aliyekuwa akiuza mboga Londiani Ijumaa ile, alikuwa mwenye dhambi kuliko mama anayeuza mboga soko la Wakulima hapa mjini? Yule mtoto wa Solai alikuwa na laana ambayo mtoto wa Milimani hana? Ukilisema kwa sauti, unasikia mwenyewe jinsi linavyosikika. Ndiyo maana watu hulinong'ona.

Yesu aliulizwa

Katika Luka 13 watu walimletea Yesu habari ya msiba. Pilato alikuwa amewaua Wagalilaya waliokuwa wakitoa dhabihu. Hebu fikiria: watu wameuawa wakiwa katika ibada! Wale waliomletea habari walikuwa wanangoja aeleze walikuwa na dhambi gani.

Yesu akawauliza kama walidhani hao Wagalilaya walikuwa na dhambi kuliko Wagalilaya wengine wote. Kisha akajibu mwenyewe: hapana. Halafu, bila kuulizwa, akaongeza msiba wa pili, ule wa mnara wa Siloamu ulioanguka Yerusalemu ukaua watu 18. Akauliza swali lile lile, akatoa jibu lile lile. Hapana.

Angalia jinsi Bwana alivyoiweka mifano hii miwili pamoja. Wa kwanza ni damu iliyomwagwa na mtu mwenye mamlaka. Wa pili ni jengo lililoanguka. Sisi hapa tunazijua zote mbili. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, majirani waligeukiana hapa Nakuru, Naivasha, Molo na Burnt Forest. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Hao ni kama Wagalilaya wa Pilato. Solai, Mai Mahiu na Londiani ni kama mnara wa Siloamu. Na juu ya zote Yesu ana neno moja kwa yule anayetaka kuhesabu dhambi za marehemu: hapana.

Lakini hakuishia hapo. Aliwageukia wale waliosimama mbele yake, walio hai, wenye afya, walioleta habari, akawaambia wao watubu. Umeona? Walikuja na kidole kimenyooka kuelekea Siloamu, Yesu akakishika kidole kile akakigeuza kiwaelekee wenyewe. Msiba wa jirani haujapewa kwako ili umhukumu jirani. Umepewa siku nyingine ya kuishi ili uutengeneze moyo wako na Mungu.

Kwa nini tunalipenda swali hili?

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na nadhani sababu kubwa ni woga. Nikijua kwamba fulani alipata ajali kwa sababu hakufunga na kuomba, basi mimi ninayefunga niko salama. Nikijua kwamba mtoto wa fulani aliugua kwa sababu ya madhabahu za babu yake, basi mimi ambaye babu yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtoto wangu hataugua. Kosa la jirani linakuwa ukuta wa kunikinga. Ninamwekea mfiwa mzigo wa pili ili mimi nilale vizuri.

Rafiki zake Ayubu walifanya hivyo. Na tuwape haki yao, walianza vizuri kuliko wengi wetu. Elifazi, Bildadi na Sofari walitoka mbali, wakalia, wakaketi naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Hiyo ilikuwa huduma. Shida ilianza walipofungua vinywa. Wakaanza kumchunguza: lazima kuna kitu, Ayubu, hebu ungama. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa, tena anawatuma waende kwa Ayubu awaombee. Mtuhumiwa akawa ndiye mwombezi wa waliomtuhumu! Kwa hiyo kabla hujamfanyia mfiwa uchunguzi, kumbuka kwamba huenda kesho ukahitaji maombi yake.

"Lakini mchungaji, dhambi haina matokeo?"

Najua kuna atakayeniuliza hivi, na ni swali la haki. Dhambi ina matokeo. Mtu anayeendesha gari amelewa kutoka Gilgil atavuna alichopanda, na mara nyingi ataivuna pamoja na wasio na hatia. Biblia pia ina mahali ambapo Mungu alimtuma nabii Nathani kwa Daudi kumwonyesha dhambi yake waziwazi. Sipingi hayo.

Lakini angalia tofauti. Nathani alitumwa kwa mtu aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha enzi, ana nguvu, ameficha damu aliyoimwaga. Hakwenda kwa mjane kumwambia kwamba mume wake Uria alikufa kwa sababu ya kutoomba. Siku hizi tuna watu wanaojiita Nathani ambao hawawezi kumkaribia mwenye nguvu, lakini wako hodari sana kwa mama aliyelazwa.

Na kama jaribu limekufika wewe mwenyewe, jichunguze, ndiyo. Mwambie Roho Mtakatifu akuangazie. Akikuonyesha jambo, litubu, upokee msamaha, uinuke. Asipokuonyesha kitu, usitengeneze dhambi ya kubuni ili kupata maelezo. Yohana 9 inatuambia wanafunzi walimuuliza Yesu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akasema si yeye wala si wazazi wake. Halafu Yesu akainama, akafanya tope kwa mate, akaanza kazi. Wanafunzi walitaka maelezo, Bwana akatafuta tope.

Sisi Wapentekoste tunaamini uponyaji. Naamini, na nitaendelea kuweka mikono juu ya wagonjwa mpaka Bwana aniite. Lakini tuisome Biblia yote. Paulo ndiye ambaye vitambaa kutoka mwilini mwake vilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, tunasoma Matendo 19. Paulo huyo huyo anamwandikia Timotheo, katika barua ya pili, sura ya nne, kwamba alimwacha Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Hakusema Trofimo hakuwa na imani. Hakusema Trofimo hakupanda mbegu. Alisema tu kwamba ni mgonjwa, na amemwacha pale. Na Paulo mwenyewe aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, akajibiwa kwamba neema inamtosha. Ukikutana na mhubiri anayekuambia kwamba kila asiyepona ana kasoro ya imani, muulize kwa heshima: Trofimo je?

Na kama anakutaka utume pesa kwanza ndipo jaribu liondoke, usimtumie. Yesu alipomfufua mtoto wa mjane wa Naini hakumuuliza ana nini mkononi.

Shimo la upande wa pili

Sasa nigeuke, kwa maana barabara ina mitaro pande zote mbili. Mtaro wa kwanza ni kumlaumu aliyefikwa. Mtaro wa pili ni kusema "ni mapenzi ya Mungu" na kwenda zetu. Waswahili husema ajali haina kinga. Tunaisema methali hiyo matangani kama faraja, na kuna ajali ambazo kweli hazina kinga. Lakini nyingine zinayo.

Fungua Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa nane. Mungu anamwagiza Mwisraeli akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke kutoka juu, na nyumba ile ikawa na hatia ya damu. Lisome polepole. Wakati ule paa lilikuwa bapa na watu walikaa huko juu jioni. Mungu hakusema, "Mtu akianguka, ni siku yake ilifika." Alisema weka ukingo. Na asiyeweka ukingo ana damu mikononi.

Kwa hiyo ukuta wa bwawa ni jambo la kiroho. Njia ya maji iliyozibwa chini ya reli ni jambo la kiroho. Breki za trela inayoteremka Salgaa ni jambo la kiroho. Nani ana hatia ya kisheria kwa yale ya Solai, hiyo ni kazi ya mahakama na siyo ya mimbari. Lakini mimbari ina haki ya kusema kwamba Mungu ameagiza ukingo, na mahali pasipo na ukingo tusimsingizie yeye.

Nikupe ushuhuda wa karibu. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye ile barabara ya Salgaa na Sachangwan, watu 36 wakafa. Barabara ile ilikuwa imekula watu wetu miaka mingi. Tulikuwa tumeiombea, tumeifungia, tumeipaka mafuta, tumekemea mapepo ya ajali. Baada ya ajali ile, sehemu hiyo ya barabara ilipanuliwa na kuwekwa kizuizi katikati, magari yanayopanda na yanayoteremka yakatenganishwa. Unajua mwenyewe ukipita pale leo unavyopumua tofauti. Je, mapenzi ya Mungu yalibadilika mwaka ule? La, ukingo uliwekwa. Na mimi naamini ukingo ule ni sehemu ya majibu ya maombi yetu. Anayeomba juu ya barabara na anayedai barabara itengenezwe wanafanya kazi moja.

Kwa hiyo ewe mwanakanisa unayefanya kazi kaunti, ewe fundi, ewe dereva, ewe mwenye shamba lenye bwawa: imani yako inaonekana kwenye ukingo unaouweka. Na wewe unayeishi kando ya ziwa au chini ya mteremko, ukiambiwa na idara ya hali ya hewa kwamba mvua kubwa inakuja na mhame kwa muda, kuhama si upungufu wa imani. Tumeona maji ya Ziwa Naivasha yakiingia nyumba za Kihoto mwaka wa 2020, tumeona Ziwa Nakuru na Ziwa Baringo zikipanda na kumeza mashamba na majengo. Nuhu alisikia habari ya mvua akajenga. Hakubaki pale akikemea mawingu.

Basi tufanye nini jaribu linapoingia kwa jirani?

Kwanza, nenda. Kama huna maneno, nenda bila maneno. Keti kama rafiki za Ayubu katika zile siku saba za kwanza. Chota maji, osha vyombo, peleka watoto shule. Mfiwa hatakumbuka mahubiri yako, atakumbuka kwamba ulikuwepo.

Pili, mruhusu alie. Sisi tunapenda kumnyamazisha mtu haraka, "usilie, wewe umeokoka." Yesu alilia kaburini kwa Lazaro huku akijua kwamba dakika chache baadaye atamfufua. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu mpaka lini. Zaburi ya 88 inaanza gizani na inaishia gizani, na Mungu ameiacha ndani ya Neno lake. Mtu akimlilia Mungu hivyo, bado anazungumza na Mungu. Usimwambie amekufuru.

Tatu, saidia kwa mkono. Mtu aliyefiwa ghafla ana makaratasi ya kushughulikia kabla hata hajalala: kibali cha mazishi, bili ya mochari, cheti cha kifo, barua ya chifu, pesa zilizo benki kwa jina la marehemu. Kanisa lina walimu, makarani, wanasheria, wauguzi. Ndugu mmoja anayejua mlango wa kuingilia ofisini ana thamani kuliko wanamaombi kumi waliosimama nje ya geti. Na kila ushirika uwe na mfuko wa dharura, hata kama ni shilingi hamsini hamsini kila Jumapili, ili siku ya jaribu tusianze kwa kuunda kundi la WhatsApp la kuomba mchango wakati mgonjwa amezuiliwa mlangoni.

Nne, rudi. Hili ndilo tunaloshindwa. Wiki ya mazishi boma limejaa, sufuria ni kubwa, magari yamepangwa hadi barabarani. Baada ya miezi mitatu mjane anapika chai ya kikombe kimoja. Weka alama kwenye kalenda yako. Siku ya arobaini, piga simu. Shule zikifunguliwa Januari, piga simu. Siku ya kumbukumbu ya kifo, nenda. Yakobo anaandika kwamba dini iliyo safi mbele za Mungu ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Dhiki hiyo huanza hasa wageni wakishaondoka.

Na wewe uliye ndani ya jaribu

Sasa nizungumze na wewe peke yako. Wewe unayesoma haya saa nane usiku kwa sababu usingizi umekataa. Wewe uliyepanda Menengai ukafunga siku tatu, ukashuka ukakuta hali ni ile ile. Wewe uliyeambiwa na mtu wa kanisani kwamba una mlango wazi, na tangu siku hiyo unahesabu dhambi zako usiku kama mtu anayehesabu madeni.

Nisikilize. Siku ile Yesu alipokuwa msalabani, watu walipita wakatikisa vichwa. Walisema kama kweli ni Mwana wa Mungu, ashuke. Walisema alimtegemea Mungu, basi Mungu amwokoe kama anamtaka. Kwa macho yao, mateso yale yalikuwa ushahidi kwamba Mungu amemkataa. Na walikosea kuliko watu wote waliowahi kukosea duniani, kwa sababu pale msalabani alikuwa Mwana mpendwa, katikati kabisa ya kazi aliyotumwa na Baba.

Sisi tunamwabudu Mwokozi aliyesulubiwa. Kwa hiyo sisi, kuliko watu wote, hatuna ruhusa ya kuangalia mateso ya mtu na kusema, "Huyu Mungu amemwacha." Na wewe huna ruhusa ya kujisemea hivyo.

Yesu alisimulia habari ya nyumba mbili, moja juu ya mwamba, moja juu ya mchanga. Tunasahau kwamba mvua ilinyesha juu ya zote mbili. Mafuriko yalikuja kwa zote mbili. Upepo uligonga zote mbili. Mwamba hauzuii mvua. Mwamba unakushika mvua ikija. Kwa hiyo ukijikuta ndani ya dhoruba, hiyo peke yake haithibitishi kwamba ulijenga vibaya.

Sina maelezo ya kwa nini ni wewe, na kwa nini ni sasa. Ayubu naye hakupewa. Ukisoma kitabu chake hadi mwisho utaona Mungu hakumweleza kamwe yaliyozungumzwa mbinguni katika sura ya kwanza. Alimpa kitu kingine: alikuja mwenyewe, akasema naye. Hilo ndilo ninalokuombea. Huenda majibu yakachelewa, huenda mengine tukayapata ng'ambo ile. Lakini yeye mwenyewe aje, asubuhi hii, ndani ya chumba hicho ulichomo.

Kama leo huna nguvu ya kuomba, usiombe kwa maneno mengi. Sema "Yesu" na unyamaze. Kama huwezi hata hilo, sisi tutaliomba kwa ajili yako. Ndiyo kazi ya mwili wa Kristo. Aliyepooza katika Marko 2 hakujipeleka kwa Yesu. Watu wanne walimbeba, wakatoboa paa. Na Biblia inasema Yesu aliiona imani yao, wale wenye kamba mikononi. Wakati mwingine unaamini kwa miguu yako. Wakati mwingine unaaminiwa na wanaokubeba.

Na wewe uliye na afya leo, tafuta kona ya kitanda cha mtu mmoja uishike. Usiulize amelala pale kwa sababu gani.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, tunakuja na watu wetu. Tunawaleta wa Solai na wa Mai Mahiu, wa Londiani na wa Migaa, ambao mwaka ukirudi siku ile inawarudia. Tunaleta aliyepata habari jana na bado hajaamini. Utusamehe maneno tuliyowaongezea juu ya majeraha yao. Utupe kunyamaza penye kunyamaza, na kusema penye kudai ukingo ujengwe. Waguse wagonjwa, tunaomba uponye, na tunaomba ukae nao usiku ambao uponyaji haujafika. Wakumbuke madereva wetu barabarani leo. Wafungue macho wenye mamlaka. Na sisi uliotuachia siku hii ya kuishi, utugeuze mioyo. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo Mwokozi wetu. Amina.

Mpendwa, kama kuna mtu unayemjua ambaye alifikwa na jambo miezi michache iliyopita na hujamtafuta tangu mazishi, usiandike Amina hapa kwanza. Mpigie simu. Kisha urudi uandike.

Mungu akubariki.